Pendwa si tusi

Karibu na Mlango Mmoja, mwendo mfupi kutoka Mabatini ninakoishi, kuna kijana anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai. Siku moja nilimkuta fundi pikipiki amemshika mashati kwa maneno. Fundi alinunua riwaya ya jasusi Willy Gamba iliyochanika jalada, akaisoma usiku kucha, kufika mwishoni akakuta kurasa zimenyofolewa. Kijana akataka kumrudishia pesa. "Hela sitaki, dogo. Nitafutie mwisho wake."

Wiki hiyohiyo nilihudhuria semina ya waandishi. Mtoa mada, msomi wa kuheshimika, akatuasa tuachane na upelelezi na mapenzi. Hiyo ni fasihi pendwa, alisema. Mwandishi makini huandika riwaya ya dhati. Vijana wakainama kuandika madaftarini. Mimi nikawa namfikiria fundi.

Hebu litazameni neno lenyewe. Pendwa: iliyopendwa. Seremala akitengeneza kiti watu wakagombea kukikalia, hatumwambii akachonge kisichokalika ili aitwe makini. Mwandishi ndiye tunayemwambia hivyo.

Na hao wanaotushikia Kezilahabi kama fimbo, wameisoma kweli riwaya yake Rosa Mistika ya 1971? Kuna binti wa Ukerewe, barua ya mvulana, baba mlevi mwenye kipigo, wanaume wanaopishana, kifo cha kujitakia. Hiyo ni mitambo ya hadithi ya mapenzi, nati kwa nati. Kezilahabi hakuionea haya. Aliiwasha, akawagonga nayo wazazi wanaodhani ukali ni malezi. Shule zikakipiga marufuku kitabu; baadaye kikaingia darasani.

Muhammed Said Abdulla naye alimtwaa mpelelezi wa Kiingereza, akamwita Bwana Msa, akamwachia kiko chake, kisha akampeleka penye mzimu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, swali la nani kaua limebeba jingine zito zaidi: tuamini hofu au akili? Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya 1974, alitia ukombozi wa Afrika ndani ya mbio za jasusi wake, Willy Gamba. Aliyefuata mbio alipata na siasa, bila kuhutubiwa.

Taka zipo, sikatai. Kuna wapelelezi wanaookolewa na bahati kila sura ya mwisho. Lakini nimesoma pia riwaya za "dhati" ambamo mtu amekaa dirishani anatafakari mpaka chai inapoa, na mwandishi anataka tumwite mwanafalsafa.

Ukweli ni kwamba utanzu una adabu kali kuliko wanavyodhani. Chukua maiti, ioneshe asubuhi ya mvua katika Mto Mirongo, pale unapopita Mabatini. Mwandishi asiyejifunga na utanzu wowote ataandika kwamba mto ulilia, ataendelea na mambo mengine. Wa upelelezi hana ruhusa hiyo. Mirongo unateremka kwenda ziwani, kwa hiyo maiti imetoka juu. Juu wapi? Mvua ilianza saa ngapi? Kiatu kimoja kimenasa kwenye taka za darajani. Cha pili kiko kwa nani? Nani kwenye zile nyumba za mawe kilimani alisikia kitu lakini akadhani ni mvua juu ya bati? Kabla hajajibu, itabidi ashuke mtoni na viatu vyake. Akirudi atakuwa anaijua Mabatini kuliko mshairi wa mto unaolia, na umaskini wa wanaojenga bondeni utakuwa umeingia kitabuni wenyewe, kwa sababu kesi inauhitaji.

Kwa hiyo anayeniuliza achague utanzu gani namuuliza: kinachokukosesha usingizi ni nini? Kama ni "nani kafanya", usikiandike kama tafakuri. Kama ni "watapatana?", andika mapenzi, na usione haya kuyaita hivyo. Ukishachagua, lipa deni. Bunduki uliyoionesha mapema, msomaji anaikumbuka.

Jumamosi nilipita tena penye turubai. Kijana alikuwa amepata nakala nyingine, nzima, bei mara mbili. Fundi hakuomba apunguziwe. Alilipa, akasimama palepale juani, akafungua mwisho kwa vidole vya grisi.