TUANZIE CHINI: MSINGI WA MTAMBO WA UPEPO KATIKA SOMO LA SAYANSI

Wanachuo wengi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hupenda kulianza somo la nishati ya upepo kwa picha. Hubandika ubaoni picha ya mtambo mweupe uliosimama baharini, wakaonyesha mapanga yake matatu, wakataja majina ya sehemu zake, na wanafunzi wakaitikia kwa pamoja. Kipindi huisha, wala hakuna mtoto aliyeuliza: mbona mtambo huo hauanguki? Sisi twaona kwamba swali hilo ndilo somo lenyewe. Mwalimu anayeliruka amefundisha msamiati, hakufundisha sayansi.

Na tulitazame jambo lilivyo. Upepo husukuma kileleni, mbali sana na shina. Na kadiri mnara unavyorefuka, ndivyo nguvu ile ile inavyozidi kuupindua. Mawimbi nayo huupiga usiku na mchana kwa miaka ishirini au zaidi. Mzigo wote huo hubebwa na msingi usioonekana kwa macho.

Mwaka 1991 huko Vindeby, nchini Denmaki, ilisimamishwa mitambo 11, ya kwanza ya aina yake baharini. Ilikaa juu ya vitako vya zege vilivyotulia kwa uzito wake, nayo ilifanya kazi mpaka ilipobomolewa mwaka 2017. Maji ya hapo yalikuwa haba. Katika vina vikubwa zaidi, wahandisi wa Ulaya aghalabu hutumia bomba moja nene la chuma, linalogongelewa ardhini chini ya bahari kwa nyundo kubwa mno. Na kina kikizidi, hutumia kiunzi cha chuma chenye miguu mitatu au minne. Pale ambapo msingi hauwezi kuifikia ardhi kwa gharama nafuu, mtambo huelea. Mitambo mitano ya Hywind, iliyowekwa mwaka 2017 mbali kidogo na pwani ya Uskoti, husimama wima kwa sababu ya uzito uliojazwa chini yake, kama farumi katika jahazi, na huzuiwa kwa minyororo na nanga.

Haya yote yaweza kufundishwa kwa karai la mchanga uliolowa. Chukua vijiti vitatu vya urefu mmoja, na juu ya kila kimoja funga kipande cha karatasi ngumu cha ukubwa mmoja. Cha kwanza kiingie mchangani kina cha pingili ya kidole. Cha pili kidole kizima. Cha tatu kisimikwe kwa udongo wa mfinyanzi juu ya jiwe bapa. Kabla ya kupepea, kila mwanafunzi aandike kipi kitaanguka kwanza, na kwa nini. Kisha tia maji, uyazungushe kwa mkono. Watoto wataona mchanga ukichimbika kuzunguka kijiti, kama unavyochimbika chini ya nyayo za mtu asimamaye ufukoni. Waulize wangefanya nini. Atakayependekeza kokoto atakuwa ameifikia njia ile ile ya wahandisi, ambao humwaga mawe kuzunguka nguzo zao.

Hapana budi pia wajue kwamba hata mabingwa hurekebishwa na vitu vyenyewe. Yapata mwaka 2010 iligunduliwa kwamba katika mitambo mingi ya Bahari ya Kaskazini kiungo baina ya bomba na sehemu iliyo juu yake, kilichojazwa uji wa saruji, kilikuwa kikiteleza na kushuka. Upepo na mawimbi yalikuwa yamekichosha kwa kukipinda tena na tena. Baada ya hapo wahandisi walibadili umbo la kiungo, wengine wakatumia bolti. Mtoto asikiapo habari hii huelewa kwamba jibu la kitabuni ni jambo la kujaribiwa.

Wako watakaosema kwamba bahari hizo ziko mbali, na kwamba muhtasari ni mrefu nao mtihani unakaribia. Hoja ya pili ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini mlingoti wa bendera uko uwanjani mwa shule, na nguzo za daraja ziko mtoni. Kanuni ni ile ile. Mtoto aliyekariri majina ya sehemu huyasahau mara baada ya mtihani. Aliyekiona kijiti chake kikianguka, akakisimika upya, siku moja atauliza juu ya msingi wa darasa analosomea kama umechimbwa kina cha kutosha. Hilo ndilo swali tunalotaka aondoke nalo shuleni.

Basi, ndugu wanachuo, mwandaapo somo hili, picha na ije mwisho. Tuanzie chini.