Maneno na Maana Yake: "Sorry"

Mwezi huu twataka kulitazama neno moja la Kiingereza lililoingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi, nalo ni "sorry". Hapa kwetu Mgololo, ambako watu wa makabila mengi wamekutana kwa ajili ya kiwanda cha karatasi na kazi ya miti, twalisikia sokoni, njiani, hata mlangoni pa kanisa. Mtoto amwaga maziwa, asema "sori". Mwalimu achelewa, asema "sori". Jirani amefiwa, nako twasema "sori". Je, neno moja laweza kufanya kazi hizo zote?

Kwa Waingereza laweza. Neno lenyewe ni la kale sana kwao, tena asili yake ni moja na neno lao la maumivu na kidonda. Wengi hudhani limezaliwa na neno "sorrow", yaani huzuni, kwa kuwa yanafanana. Walakini mizizi yake ni mbalimbali. Basi Mwingereza asemapo "sorry" husema kwamba moyo wake unauma. Waweza kuuma kwa kuwa amekukosea, au kwa kuwa umepatwa na msiba usio wa kosa lake. Hata asiposikia vema ulilosema, atakuuliza kwa neno hilo hilo, ili urudie.

Lakini Kiswahili chetu kimegawa kazi hiyo kwa maneno mawili, na kila neno lina jibu lake. La kwanza ni "pole". Hili ni ndugu wa upole, na wa kupoa. Uji hupoa, homa hupoa, na moyo uliochomwa hupoa. Ukiambiwa "pole", wajibu "nimeshapoa". La pili ni "samahani", lililotoka kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa kusamehe. Ukiambiwa hilo, wajibu "bila samahani". Angalieni tofauti yake: pole hutolewa, samahani huombwa. Asemaye pole ampa mwenzake kitu. Asemaye samahani amekuja mikono mitupu, naye angoja kupewa.

Ndiyo sababu mgeni kutoka Ulaya akijikwaa mbele yetu, nasi tukamwambia "sorry", hushangaa na kusema, "Mbona waomba radhi, nawe hukunisukuma?" Sisi tulikuwa tukimpa pole katika nguo za Kiingereza. Hilo ni jambo la kucheka tu. Lakini liko la kuliza, nalo tumeliona wenyewe.

Mtu mmoja wa jirani zetu alichoma majani shambani mwake wakati wa kiangazi, wala hakukata njia ya kuuzuia moto. Upepo ukaja, moto ukavuka, ukala shamba la misindano la mwenzake. Ilikuwa miti ya miaka saba, na baba na mama wa nyumba ile walikuwa wameiweka kwa ajili ya karo ya watoto. Asubuhi yule mwenye moto akaenda, akasimama uani, akasema, "Sori sana, ndugu zangu." Mama akajibu kwa adabu, "Tumeshapoa." Akaenda zake.

Tangu siku ile nyumba mbili hizo hazikuamkiana, hata baada ya misa. Tulipokwenda kuuliza, yule mwanamume alituambia, "Nimekwisha kuomba radhi, nao wamenisamehe, sasa wana kinyongo gani?" Na yule mama akatuambia, "Amekuja kutupa pole kama mpita njia, kana kwamba moto umetoka mbinguni. Kuomba radhi hakuomba." Wote wawili walisema kweli. Neno moja lilitoka kinywani likiwa samahani, likaingia sikioni likiwa pole.

Hapo tulikumbuka mafundisho ya Kitubio, tunayowafundisha watoto kila mwaka: majuto, maungamo na malipizi. "Sori" ina majuto, hatukatai. Lakini maungamo yako wapi, ikiwa hukutaja kosa lako? Na malipizi yako wapi, ikiwa ulikwenda zako? Zakayo hakuishia kuona uchungu moyoni. Alisimama mbele ya watu akasema atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Tulimweleza ndugu yetu mambo hayo, naye akanyamaza kitambo. Jumapili ile alirudi katika ua ule na mkewe. Alisema, "Moto ulikuwa wangu. Sikukata njia, kwa uvivu. Nisameheni." Baba wa nyumba hakujibu upesi, kwa maana miaka saba si kitu kidogo. Mvua zilipoanza, yule aliyechoma alikuja na miche na jembe, akachimba mashimo, siku baada ya siku. Karo ya mwaka ule haikurudi, wala hatutawadanganya wasomaji kwamba ilirudi. Lakini siku ya nne mama alimpelekea uji shambani, na salamu zikaanza tena.

Basi, wazazi na walimu, hatusemi mlifukuze neno la wageni. Waingereza wenyewe wanapotaka kuungama wanayo maneno mengine, nao huyatumia. Twasema hivi: mtoto asemapo "sori", mwulizeni kwa upole, "Ni pole au ni samahani?" Kama ni samahani, na ataje alilolifanya, kisha atafute la kutengeneza. Aliyemwaga maziwa na ashike kitambaa. Na sisi watu wazima tujiulize vivyo hivyo kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, kwa maana yeye alituagiza tuiache sadaka yetu kwanza, twende tukapatane na ndugu yetu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutatazama neno lingine. Kaeni kwa amani.