Kaseti ya Kelele

Akina mama wenzetu, huku Chala mwezi wa Juni na Julai baridi ya Ufipa haina mzaha, na kila ajuaye kushika sindano za kufumia hukaa nazo mkononi. Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kaseti moja. Tuliifuta sisi wenyewe, zaidi ya miaka 30 iliyopita, na tulikuja kujua tulichokifuta tukiwa tumekwisha kuitwa bibi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shemeji yetu, ambaye watoto humwita baba mdogo, alirudi nyumbani kutoka masomoni Uingereza. Ndugu walitegemea kuona masanduku ya nguo. Yeye akatoa kitu cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu, chenye vitufe vya mpira laini. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, Sinclair ZX Spectrum, aliyoinunua kwa mtu ikiwa imekwisha kutumika. Kompyuta hizo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1982, kwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ndogo na pauni 175 ile kubwa. Hiyo kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48 tu. Simu ya kawaida ambayo wajukuu wetu wanaichezea leo, yenye gigabaiti 4, inaizidi zaidi ya mara 80,000.

Kwetu kitu hicho kilikuwa kama kimeanguka kutoka mwezini. Vijana wa leo huenda hawajui kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imewekwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ilivurugika ikaleta hasara, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Zuio hilo lililegezwa baadaye. Kwa hiyo miaka ile ambayo watoto wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikesha na kompyuta zao vyumbani, wa kwetu walikuwa wakikesha na redio ya mbao na betri za National. Hata televisheni, ukiacha Zanzibar, vituo vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Baba mdogo alikuja pia na televisheni ndogo isiyo ya rangi, kwa kuwa kompyuta ile haikuwa na kioo chake. Umeme hatukuwa nao. Alitumia betri ya gari iliyochajiwa kwenye mashine ya kusaga, pamoja na kidude alichokiunga mwenyewe cha kupunguza nguvu ya umeme ili kompyuta isiungue. Habari zikaenea kwamba kwetu kuna sinema. Siku ya kwanza watu walijaa mpaka mlangoni. Walichokiona ni kioo cheupe kitupu chenye maneno machache chini yake. Mzee mmoja jirani alisubiri kwa adabu kama nusu saa, halafu akatuaga, akatuombea mashine yetu ipone.

Utupu ule ndio uliomvuta mwanetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita. Mashine zile zilipowashwa hazikuwa na cha kukuonyesha. Zilikaa zikingoja mtu aziambie la kufanya. Lugha iliyotumika ilikuwa BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili hata wanafunzi wasiosomea hesabu waweze kuiamuru kompyuta. Maagizo yaliandikwa mstari kwa mstari, na kila mstari una namba. Namba hizo watu hawakuziandika 1, 2, 3. Waliandika 10, 20, 30. Tulimwuliza baba mdogo sababu, akacheka: "Shemeji, ni lazima utakosea. Ukiacha nafasi katikati, utapata pa kuchomeka sahihisho."

Katika nchi zile magazeti ya wapenda kompyuta yalichapa programu nzima kurasa kwa kurasa, na msomaji aliketi kuzinakili herufi moja moja, kama sisi tunavyonakili mapishi na michoro ya kufuma kutoka kwenye magazeti kama hili. Akikosea alama moja, haifanyi kazi. Basi anarudi juu kutafuta alipokosea, na katika kutafuta huko ndipo wengi walipojifunza.

Wakati huo kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimepata kazi ya kufuma masweta ya wanafunzi. Kazi iliyotusumbua ni hesabu. Kila kifua kina kipimo chake, nasi tulikuwa tukifuma na kufumua. Uzi wetu ulitoa vitanzi 5 kwa kila sentimita 2, yaani vitanzi viwili na nusu kwa sentimita moja. Mwanetu alitusikiliza tukilalamika jikoni, akaenda kuandika programu ya mistari mitatu. Mstari wa 10: uliza kipimo cha kifua. Mstari wa 20: zidisha kwa 2.5. Mstari wa 30: andika jibu.

Alituita kwa mbio. Tukamtajia kifua cha sentimita 72. Mashine ikajibu: 180. Tulicheka mpaka machozi, tukamwambia sweta hilo ni la ng'ombe, maana vitanzi 180 ni mbele na nyuma pamoja, nasi tunafuma upande mmoja mmoja. Mtoto hakununa. Alirudi akachomeka mstari wa 15: gawanya kwa 2. Jibu likaja 90, na 90 ndizo tulizofuma. Baada ya hapo akaongeza mikono, shingo na mpindo wa chini, programu ikawa ndefu, naye akawa anaamka kabla ya jogoo ili apate zamu kabla ya betri kuisha.

Jambo jingine tulilolitazama bila kulielewa ni namna mashine ile ilivyomsahihisha. Alipoandika mstari wenye kasoro, iliukataa, ikaweka alama ya kuuliza inayowaka na kuzima palepale penye kosa. Basi. Haikumwita mjinga wala haikumkumbusha makosa ya jana. Ilimwonyesha mahali, ikangoja.

Kasoro yake kubwa ni kwamba ukiizima inasahau kila kitu. Ili programu isipotee, ilibidi kuirekodi kwenye kaseti ya kawaida, kwa waya uliounganishwa na redio-kaseti. Herufi zote ziligeuzwa kuwa sauti. Kesho yake unaicheza kaseti ile, kompyuta inasikiliza, na programu inarudi. Lakini sikio la binadamu halisikii herufi. Linasikia mlio mkali, halafu mkwaruzo kama wa bati linaloburutwa juu ya mawe.

Nyumbani tulikuwa na kaseti chache. Ilipokaribia Jumapili ya Matawi, kwaya yetu ilitaka kurekodi mazoezi. Tulichukua kaseti tuliyoikuta kwenye redio, tukaisikiliza kidogo, tukasikia bati linaburutwa. Tukairudisha mwanzo na kurekodi kwaya, pande zote mbili.

Jioni mtoto alipoicheza mbele ya kompyuta yake, zikatoka sauti zetu. Aligeuka akatutazama. Alipojaribu kusema, tulimkata kauli. "Kwaya ya kumsifu Mungu na kelele zako, kipi bora?" Ndivyo tulivyosema, mbele ya wadogo zake na mbele ya wageni. Alisema, "Samahani, Mama," akaenda kufungia mbuzi.

Hakuandika tena. Baba mdogo alimbembeleza mara mbili tatu, kisha akapata uhamisho akaondoka na mashine yake. Sisi tulisema moyoni kwamba watoto ndivyo walivyo, leo hiki kesho kile.

Mwanetu sasa ni mtu mzima mwenye watoto, fundi wa pampu za maji, na kazi yake inaheshimika. Krismasi iliyopita alikuja nyumbani na familia. Binti yake wa miaka 11 alikuwa ameinamia simu tangu asubuhi, nasi tukaanza kumgombeza kwa mazoea. Ndipo kaseti ile ilipotujia akilini kama imerekodiwa jana. Tulimvuta mwanetu pembeni, tukamwambia kwamba tulimkosea siku ile, na kwamba tunamwomba msamaha.

Alikaa kimya akichezea funguo zake. Kisha akasema, "Mama, kaseti ningerekodi nyingine. Mistari yote nilikuwa nayo kichwani. Niliacha kwa sababu ulisema ni kelele, nami nikakuamini."

Akina mama wenzetu, tumelitafakari neno hilo miezi yote hii. Mtoto hupoteza vitu vingi na kuvipata tena. Neno la mama ni gumu kulifuta kuliko kaseti, kwa sababu analiamini kabla ya kulipima. Hatusemi kwamba angekuwa mtaalamu mkubwa wa kompyuta. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Tunasema kwamba aliacha kujaribu, na tulikuwa sisi.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wanaume, mama atayajuaje? Tuwakumbushe habari za Sista Mary Kenneth Keller, mtawa wa Kikatoliki wa Marekani. Mwaka 1965 alipata shahada ya udaktari katika sayansi ya kompyuta, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuipata nchini humo. Akaanzisha idara ya kompyuta katika Chuo cha Clarke, kilichokuwa chuo cha wanawake, akaiongoza kwa karibu miaka 20. Alifariki mwaka 1985. Na sisi tunaohesabu vitanzi, tukaruka kimoja na kurudia mstari mara ishirini bila kupotea, tunafuata maagizo ya namna ileile kila siku. Hatuna sababu ya kuogopa.

Yafuatayo ni machache tunayojaribu kuyashika nyumbani kwetu sasa.

Kwanza, kabla ya kufuta, kutupa au kuchoma kitu cha mtoto, tumwulize ni nini. Daftari lililojaa mistari isiyoeleweka, kopo lililofungwa nyaya, gari la mabua lenye usukani: vyote kwetu vinaweza kuwa takataka, kwake ni kazi iliyofika katikati.

Pili, anapokosea, tumwonyeshe mahali penye kosa, kisha tungoje. Hapo ndipo pagumu, maana ugali uko jikoni na mikono yetu ina haraka. Lakini tukimaliza kazi kwa niaba yake, tumemnyima mstari wa 15.

Tatu, mtoto anayependa kufungua vitu apewe vya kufungua. Redio ya betri iliyokufa au tochi mbovu inafaa. Asiguse kitu chochote kilichounganishwa na umeme wa ukutani. Televisheni za zamani zenye mgongo mnene hubaki na umeme wa hatari ndani hata zikiwa zimechomolewa, na betri ya simu iliyovimba inaweza kulipuka moto. Hivyo viwili tuviweke mbali naye.

Nne, simu yenyewe si adui. Tofauti iko kati ya mtoto anayetazama tu na mtoto anayetengeneza. Kwa wenye kompyuta shuleni, ipo programu iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na wataalamu wa Chuo cha MIT cha Marekani, ambayo mtoto hupanga maagizo kama anayepanga matofali. Haina malipo. Ziko pia programu zinazoifanya simu ijifanye kama zile kompyuta za zamani, hata kioo chake kitupu kikiwa vilevile.

Hiyo ya mwisho tuliijua siku ileile ya Krismasi. Baada ya chakula mwanetu alichukua daftari la binti yake, akaandika mistari kwa kalamu, 10, 20, 30, bila kusita. Halafu akaiweka programu ile kwenye simu na kumwachia mtoto anakili. Mstari wa 15 hakumwandikia. Sisi tulikaa karibu tukichambua maharage, tukijifanya hatuoni.

Baadaye kidogo mjukuu akainua kichwa. "Bibi, kifua chako sentimita ngapi?" Tukamtajia. Akabonyeza, akatazama jibu, akatutazama sisi kuanzia begani mpaka kiunoni, akakunja uso. Baba yake alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, nasi tukauma ulimi. Mtoto akainama tena.

Sweta letu linaendelea kufumwa. Tumefika kwenye makwapa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.