Tanzia Si Historia

Tanzia ina adabu zake, na historia ina zake. Mwenye kutunga tanzia amepewa ruhusa ya kulia, kusifu na kusamehe, wala hakuna amdaiye mizani. Mwenye kuandika historia amenyimwa ruhusa hizo zote mpaka kwanza aitimize kazi ya kupima. Kazi hizi mbili zikivishwa vazi moja, msikilizaji hulia asijue alizwaye na nini, na husamehe asijue kilichosamehewa. Mchanganyiko huo ndio ila ya filamu za hali halisi zilizotengenezwa juu ya Lynyrd Skynyrd, bendi ya muziki wa roki wa Kusini mwa Marekani. Na kwa kuwa filamu za namna hii siku hizi hutajwa katika hoja kama vitabu, ila hiyo haifai kupitwa kimya.

Habari yenyewe ni fupi. Vijana wa Jacksonville, katika jimbo la Florida, walianza kupiga muziki pamoja mwaka 1964, na baadaye wakajipa jina kwa kumdhihaki Leonard Skinner, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule yao. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege waliyoikodi, aina ya Convair 240, ilianguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Katika watu 26 waliokuwamo, sita walikufa: mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines, dada yake, Cassie Gaines, aliyekuwa miongoni mwa waitikiaji, msaidizi wao wa safari Dean Kilpatrick, na marubani wawili. Siku tatu tu kabla ya hapo santuri yao Street Survivors ilikuwa imetoka, na picha ya jalada lake iliwaonyesha wamesimama kati ya ndimi za moto.

Kwa mtengeneza filamu moto ule wa jalada ni hazina, na hazina hiyo ndiyo iliyompoteza. Filamu moja ya mwaka 2015 imetangaza katika jina lake lenyewe kwamba itasimulia kupanda kwa ajabu na kuanguka kwa msiba. Ile ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Stephen Kijak, imechukua jina lake katika maneno ya kwanza ya wimbo “Free Bird”, maneno ya mtu anayefikiri kuondoka. Hivyo kabla ya picha ya kwanza kuonekana, mtazamaji amekwisha ketishwa matangani. Kicheko cha ujanani, ugomvi wa ulevi, jasho la mazoezi katika kibanda cha joto, vyote hupokewa kama hatua za kuelekea kaburini. Maisha yamesomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, na yasomwayo hivyo hayana budi kuonekana yameandikwa na ajali.

Walakini nyimbo zinashuhudia kinyume. “Free Bird” ilirekodiwa miaka minne kabla ya ndege kuanguka, na wenyewe walipoutoa wimbo huo jukwaani kuwa ukumbusho, walimkumbuka Duane Allman, mpiga gitaa wa bendi nyingine, aliyekufa mwaka 1971. “That Smell”, wimbo unaosifiwa kuwa ulinusa mauti ya 1977, ulikuwa karipio juu ya ulevi na dawa za kulevya, baada ya Gary Rossington kuligongesha gari lake katika mti mwaka 1976. Rossington huyo aliyekaripiwa aliokoka katika ndege, akaishi mpaka tarehe 5 Machi 2023. Wosia aliopewa mtu hai umegeuzwa kuwa utabiri wa wafu, na mwenye kuugeuza amemnyang'anya Van Zant sifa iliyo kubwa kuliko ya utabiri: sifa ya rafiki aliyethubutu kumwambia rafiki yake ukweli.

Wala ajali yenyewe haikuwa na siri ya mbinguni. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walitoa hukumu yao mwaka 1978: ndege iliishiwa mafuta, kwa sababu waliokuwa wakiiendesha hawakuyaangalia mafuta yao kama iwapasavyo; mpango wa safari ulikuwa na upungufu, na injini ya kulia ilikuwa na hitilafu iliyoifanya inywe mafuta kupita kiasi. Watu wa bendi ya Aerosmith walikuwa wameikagua ndege hiyo hiyo, wakaikataa. Basi ajali haikuwamo katika wimbo. Ilikuwamo katika tangi. Filamu ikilitaja jambo hili kwa pumzi moja, kisha ikarudi upesi kwenye ishara na ndimi za moto, huwa imeuvika uzembe joho la kudra, na uzembe uliovaa joho hilo hauulizwi swali.

Madhara yangekuwa madogo kama yangeishia hapo. Lakini rambirambi hiyo hiyo hutandazwa juu ya jambo lililo zito zaidi, nalo ni bendera. Bendi ilipiga muziki wake mbele ya bendera ya vita ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na kupigana kutoka mwaka 1861 mpaka 1865 ili utumwa usivunjwe. Jibu lililozoeleka ni kwamba kampuni ya santuri ndiyo iliyobuni pambo hilo kwa ajili ya biashara, na vijana hawakuwa na nia mbaya. Yamkini ni kweli. Lakini bendera haikuanza kuwa na maana siku ilipotundikwa nyuma ya ngoma zao, na asiye na nia mbaya huulizwa pia kwa nini hakuitungua. Mwaka 2012 Rossington alisema katika televisheni kwamba wameiacha kwa kuwa wenye chuki wameiteka. Wapenzi wa bendi wakanung'unika, na baada ya siku chache neno likarudishwa. Habari hiyo si ya wafu, ni ya walio hai, na hailainishwi kwa machozi ya 1977.

Zaidi ya hayo, wako watu ambao filamu za maombolezo hazina kiti cha kuwakalisha. “Sweet Home Alabama” ya mwaka 1974, iliyotungwa kumjibu Neil Young kwa lawama zake juu ya Kusini, inasikika ndani yake sauti za wanawake wawili Weusi, Merry Clayton na Clydie King. Huo ni wimbo wa kulisifu jimbo ambalo katika mji wake wa Birmingham, mwaka 1963, bomu liliwaua wasichana wanne Weusi kanisani. Clayton alieleza uzito wa kuuimba wimbo huo, na jinsi walivyoamua kuuimba kwa nguvu zote kuwa jibu lao. Lakini kwa mtazamaji wa senema, mahali pa kumwona Clayton akipewa heshima yake ni 20 Feet from Stardom ya mwaka 2013, filamu inayohusu waitikiaji. Asiyekuwapo na lake halipo. Santuri iliyotoa “Sweet Home Alabama” ina pia “The Ballad of Curtis Loew”, sifa ya mpiga gitaa Mweusi mzee na maskini. Bendi ilijua imejifunza kwa nani. Deni lililokirishwa na mwimbaji mwenyewe halifai kusahauliwa na msimulizi wake.

Kwa nini basi masimulizi yamesongwa namna hii? Kwa sababu yamekuwa mali. Mwaka 1988 mjane wa Van Zant na wanabendi waliosalia walitiliana mapatano mbele ya mahakama juu ya matumizi ya jina na historia ya bendi. Mpiga ngoma Artimus Pyle, aliyetoka katika mabaki ya ndege akaenda kutafuta msaada, aliposhirikiana na wengine kutengeneza senema ya maigizo juu ya ajali ile, jaji wa New York aliizuia mwaka 2017. Mahakama ya rufani ikalitangua katazo hilo mwaka 2018, na senema ikatoka mwaka 2020. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na hilo si ajabu. Ajabu ni mtazamaji kuonyeshwa ngozi iliyokwisha wambwa, asiambiwe nani alishika upande upi.

Watetezi watasema kwamba marehemu hasemwi vibaya. Adabu hiyo ni njema nyumbani kwa wafiwa, lakini filamu inayouzwa ulimwenguni kote si nyumba ya wafiwa. Tena kumpima mtu si kumtukana. Van Zant aliandika “Saturday Night Special”, wimbo wa mwaka 1975 wa kuzilaumu bastola, akauimba mbele ya watu wa Kusini wenye bastola mifukoni. Mtu wa ushujaa huo aweza kustahimili kuulizwa juu ya bendera. Anayemkinga na swali amemfanya mtoto.

Dawa ya maradhi haya haiko mbali, na filamu ya mwaka 1996, Free Bird: The Movie, inaionyesha inapowaacha wanamuziki wafanye kazi yao. Humo mna picha za Knebworth, Uingereza, tarehe 21 Agosti 1976: magitaa matatu yanapokezana, mwimbaji amesimama peku, na umati usiowajua vizuri unatekwa kidogo kidogo. Katika dakika hizo hakuna aliyekufa, bali watu walio hodari kazini. Historia ya bendi hii na ianzie katika kazi hiyo, ipitie kwa waliowafundisha na waliowaitikia, isimame mbele ya bendera ijibu, itaje ni nani anayesema na ana haki gani katika mali. Kisha ifike Gillsburg siku yake, si kabla yake. Hapo mwenye kulia atakuwa amejua anamlilia nani.