Chotara asiyezaa abeba maziwa madogo

Jimbo la Washington, Marekani, lina timu isiyo na akademi. Taiga maski, chotara wa maski na paiki, hazai. Kila mmoja aliyemo kwenye maziwa kama Curlew na Newman ni wa kusajiliwa: amekuzwa kituo cha vifaranga, kisha akamwagwa ziwani.

Kazi yake ni ya kiungo mkabaji, kupunguza samaki wanaojazana na kuwabana wengine. Kwa kuwa hazai, idadi yake iko mikononi mwa benchi la ufundi. Paiki halisi akiingia, anazaliana na kufagia ziwa zima.

Kasheshe ni moja. Sheria inaruhusu samaki mmoja kwa siku, tena wa inchi 50 kwenda juu, karibu sentimita 127. Wengi hurudishwa majini. Mvuvi anayemning'iniza juu apigwe picha, huku maji ya kiangazi yamepata joto, anaweza kurudisha maiti. Pengo hilo hazibi mtoto wa nyumbani. Linasubiri usajili mwingine, na usajili ni bajeti.

Ndiyo maana wavuvi wajanja hubeba wavu mkubwa na koleo refu, wakachomoa ndoano samaki akiwa majini. Joto likizidi, wanakaa benchi.