Gari la mzee limegoma? Usiende dukani na jina, nenda na namba

Unaijua hali hii. Mzee amestaafu, macho hayampi tena usiku, na siku moja anakurushia ufunguo wa ile Toyota DX iliyolala chini ya mwembe tangu ukiwa darasa la sita. "Ukiiamsha, ni yako." Unafurahi, unapiga picha, unaiweka kwenye status. Jumamosi unaita fundi. Anapiga stata, injini inakohoa mara mbili na kunyamaza. Anachomoa mpira wa petroli, ananusa, anapangusa mikono kwa tambara na kusema neno moja tu: "Pampu."

Kuanzia hapo hilo si gari tena, ni mtihani. Na wengi wetu huufeli siku ya kwanza kwa sababu tunaingia dukani na jina la gari badala ya namba ya kipuri.

Mimi niliufeli mara tatu. Pampu ya kwanza ilikuwa na mkono mrefu kuliko wa ile ya zamani, ikakataa kukaa. Ya pili ilikaa vizuri, ila ilikuwa na midomo miwili ilhali gari letu lina mipira mitatu: wa kuingiza petroli, wa kuipeleka kwenye kabureta, na ule wa kurudisha inayobaki kwenye tangi. Ya tatu ilifanana na ya zamani kama pacha, tena ilikuwa kwenye boksi lenye nembo ya kupendeza. Siku ya kumi na mbili mama akauliza mbona nyumba inanuka petroli. Sisi tulikuwa tumeshaizoea ile harufu, tukidhani ndivyo magari makuukuu yanavyonuka. Nilipofungua boneti, petroli ilikuwa ikidondoka tone kwa tone kutoka kwenye kitundu cha chini ya pampu, hatua nne hivi kutoka jiko la makaa ambalo shangazi alikuwa akichemshia githeri.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema mambo ya spea tuwaachie mafundi. Fundi ataenda kwake saa kumi na moja jioni. Gari litalala kwenu.

Shida huanza na neno "ipo". Pita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo rika la baba bado wanaiita Grogan, utaje gari lako. Ni nadra kusikia mtu akikwambia hana. Karani anasema "ipo", anakuvutia stuli, kisha kijana anatumwa mbio duka la nne kutoka hapo. Anachorudi nacho ni kile kilichopatikana, ambacho huenda ndicho au sicho. Si kwamba wote ni matapeli, la. Kuna wazee pale wanaoweza kukutajia namba za vipuri kichwani bila kufungua kitabu. Lakini ukisema "nataka pampu ya DX" umemwachia mwenzako abahatishe. DX ni jina letu la mtaani la Corolla za kizazi cha KE70. Chini ya boneti unaweza kukuta injini ya 3K, 4K au 5K, na baada ya miaka zaidi ya 35 huenda mtu aliweka injini nyingine kabisa. Ni sawa na kuingia famasi ukaomba dawa ya mtu mrefu.

Kwa hivyo kabla hujatoka nyumbani, fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna kibati kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kina modeli, aina ya injini na namba ya chasisi. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, ukipige picha. Halafu angalia pia namba iliyochongwa kwenye injini yenyewe, kwa sababu kibati kinaeleza gari lilivyozaliwa, si yaliyolipata baadaye.

Na hapa kuna jambo linalowachanganya vijana wengi mitandaoni. Gari lililotumika Japani kabla ya kuletwa Kenya kwa kawaida halina ile namba ya chasisi ya tarakimu 17. Lake ni fupi, mfano AE110, kistari, kisha tarakimu saba. Tovuti ikikudai 17 na kukwambia umekosea, hujakosea. Tafuta katalogi inayokubali namba za Kijapani.

Ukishaipata katalogi sahihi utapewa namba ya kipuri. Ya Toyota huwa na tarakimu kumi, tano kabla ya kistari na tano baada. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 23100 ni pampu ya petroli inayosukumwa na injini, 23220 ni ya umeme, 23300 ni filta, 21100 ni kabureta, 23250 ni injekta. Tano za mwisho zinasema ni ya nani. Kwa hivyo karani akikuletea 23100 ambayo mkia wake haufanani na wako, muulize kwa upole kwa nini. Wakati mwingine ana jibu zuri, maana kiwanda hutoa namba mpya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Asipokuwa na jibu, rudisha pesa mfukoni.

Beba pia kipuri cha zamani. Pima mkono, hesabu midomo, linganisha matundu ya bolti. (Imwage petroli yote na ukikaushe kwanza, tafadhali. Usipande matatu na pampu inayodondosha.)

Lakini ngoja kwanza. Una hakika ni pampu? Hili huwauma wengi wenye magari ya injekta, haya tunayoita EFI, kama Toyota 110. Gari likizima ghafla, pampu ya ndani ya tangi ndiyo hulaumiwa, kumbe ni fyuzi, rilei, waya ulioliwa na kutu, au filta ambayo haijabadilishwa tangu gari litoke meli. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo cheusi ndani ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Fundi anayejua kazi huunganisha FP na +B kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kupiga stata, na pampu inaunguruma. Ikiunguruma, iko hai, ingawa bado apime presha. Isipounguruma, achunguze kama umeme unaifikia kabla hajakutuma dukani. Huo ni uchunguzi wa dakika chache. Fundi anayeruka hatua hiyo anakisia kwa pesa zako.

Na tuseme ukweli, pampu nyingine tunaziua wenyewe. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Ile tabia yetu ya kuweka ya mia tatu, taa ya njano ikiwaka wiki nzima, huifanya ichemke na kuvuta taka za chini ya tangi. Najua bei ya petroli ilivyo. Lakini pampu mpya ni bei ya petroli ya siku nyingi.

Sasa presha, na hapa naomba usome polepole. Kabureta inataka petroli ije taratibu, PSI 3 hadi 5 hivi. Injekta za Toyota 110 zinataka karibu PSI 38 hadi 44. Kuna fundi atakwambia, "Kaka, hiyo pampu ya mkono imekwisha, tuweke ya umeme ya EFI, haina shida." Ina shida. Presha hiyo huishinda ile sindano inayofunga petroli ndani ya kabureta, petroli inafurika na kumwagika juu ya injini yenye moto. Pampu za umeme za kabureta zipo. Soma presha iliyoandikwa kwenye boksi. Kama haikuandikwa, usinunue.

Mpira wa petroli ndio kipuri cha bei ndogo kuliko vyote, na ndio unaonitia hofu zaidi. Nimeona magari yenye paipu ya plastiki inayopitisha mwanga, ile ya kupima usawa wa ukuta kwenye mjengo, ikibeba petroli kandokando ya ekzosi. Mwezi mmoja inakuwa ngumu, inapasuka. Mpira halali huwa umeandikwa ubavuni. Kwa kabureta tafuta 30R7, kwa injekta tafuta 30R9. Kipande kinachozama ndani ya tangi ni 30R10, kwa sababu ule wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli ndani, haukutengenezwa kuogelea humo. Mpira usio na maandishi yoyote ni wa kumwagilia sukuma wiki.

Je, ununue mpya au ex-Japan? Maoni yangu: chochote kilicho na mpira au ngozi ndani yake, yaani pampu ya mkono, mipira, gasketi, nunua kipya. Mpira huzeeka hata ukikaa kwenye rafu. Lakini kitu cha chuma kitupu, kama mwili wa kabureta au tangi, mtumba mzuri hushinda kopi mpya ya bei rahisi. Tatizo ni kwamba mitumba ya magari haya inapungua. Sheria yetu hairuhusu kuleta gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hivyo wafanyabiashara wa spea wanafuata magari yaliyojaa barabarani sasa, si DX ya mzee. Ndiyo maana usikubali kabureta yako itupwe haraka. Mara nyingi mwili wake ni mzima, kilichokufa ni gasketi na sindano, na vyote huuzwa pamoja kama ripea kiti. Tafuta fundi mzee anayejua kuifungua na ukae kando yake uangalie. Hao hawatakuwepo milele, na wengi hawana mwanafunzi.

Tangi likiwa na kutu, lioshwe au libadilishwe. Usiruhusu mtu alichomelee kwa sababu "halina petroli". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio hulipuka.

Limebaki suala la risiti. Ile pampu yangu ya tatu nilipoirudisha kwenye duka moja mjini, nilioneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Risiti yangu ilikuwa imeandikwa "pampu 1". Si namba, si jina la kiwanda, si jina la gari. Niliondoka kama nilivyokuja. Baadaye ndipo niliposoma Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kulipwa fidia akiumizwa na kasoro zake, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 pia. Karatasi ya ukutani haifuti Katiba. Lakini hata sheria nzuri haiwezi kukusaidia na risiti iliyoandikwa "pampu 1". Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ipo, KEBS ipo. Wangeanza na jambo dogo tu: kila kipuri cha mafuta na cha breki kiuzwe kwa risiti yenye namba yake. Mwenye duka halali hana cha kupoteza, na anayeuza kopi kwenye boksi la uongo atalazimika kuandika uongo huo kwa mkono wake.

Kabla hawajaamka, anza wewe. Pampu ya nne niliinunua kwa namba, nikamwomba karani aiandike. Alinung'unika kidogo, akauliza kama mimi ni wa KRA, kisha akaandika zote kumi. Risiti hiyo iko kwenye droo ya DX hadi leo, pamoja na picha ya kibati niliyoichapisha saibakafe. Na kila Jumapili, kabla ya stata, navuta kile kijiti cha kupimia oili na kukinusa, kwa sababu ngozi ya pampu ikipasuka petroli huweza kushuka kimyakimya ndani ya injini. Kinuse chako pia. Kikinuka petroli, usiliwashe hilo gari.