Zamu ya Kisimani na Gari la Mjini

Mtu atokaye shamba kwenda kukaa katika mji mkubwa huambiwa mambo mengi ya kumtisha. Huambiwa habari za wezi, za bei ya vyakula, na za majirani wasioitikia salamu. Mambo hayo yana kweli ndani yake, lakini siyo yanayomchosha mgeni kuliko yote. Linalomchosha ni njia, yaani safari ya kila siku ya kutoka nyumbani kwenda kazini au shuleni, na kurudi.

Tufikiri kwanza maisha ya kijijini. Huko mkulima hufungua mlango, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Hata shamba likiwa mbali, huenda kwa miguu yake mwenyewe, naye ajua atafika lini. Hakuna wa kumwambia, "Gari limejaa." Mjini sivyo. Nyumba iko upande huu na kazi iko upande ule, na katikati iko barabara ambayo yeye hana amri juu yake. Aweza kuamka alfajiri, akajitayarisha vema, na bado akachelewa.

Dar es Salaam ni mfano wa jambo hili. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba mji huo ulikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya 5,300,000. Wengi wao wamejenga pembeni, penye viwanja vya bei nafuu, kama vile Mbagala, Gongo la Mboto, Mbezi na Chanika. Lakini soko la Kariakoo, bandari, na ofisi nyingi zimebaki karibu na pwani, mahali pa zamani. Basi kila asubuhi umati wa watu huelekea upande mmoja, na kila jioni umati ule ule hurudi kwa njia zile zile.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 1974 lilianzishwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Magari yake hayakutosha, na mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kuleta magari yao. Hayo ndiyo daladala. Nalo jina hilo husemwa kwamba lilitokana na "dala", jina walilolipa watu sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli. Mwaka 2016 yakaanza mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi, yenye njia yao peke yao kati ya Kimara na Kivukoni. Hata hivyo asubuhi na jioni watu vituoni huwa wengi kuliko nafasi.

Sasa mgeni afanye nini? Wako wenyeji wamshaurio hivi: "Ndugu yangu, huku si kijijini. Acha upole wako, maana mpole hubaki kituoni." Nao humfundisha kugombania gari: kupenya kwa viwiko, kurusha mkoba dirishani ili kushika kiti, hata kuingia kwa dirisha. Wengine humfundisha kugeuza na gari. Hupanda gari liendalo kinyume cha safari yao, wakafika nalo mwisho wa njia, wakageuka nalo wakiwa wamekwisha kukaa. Hivyo hulipa nauli mara mbili, na kupoteza muda mwingi, ili wapate kiti tu.

Mimi naona kwamba ushauri wa kusukumana haufai, wala si kwa ajili ya adabu peke yake. Haufai hata kwa hesabu. Mlango wa gari ni mwembamba. Watu thelathini wakiusukuma kwa pamoja, haupanuki. Washukao hukutana na wapandao, na wote hukwama. Gari ambalo lingeondoka mapema hukawia, na gari lililo nyuma yake husubiri. Tena, asukumaye haongezi kiti hata kimoja. Viti ni vile vile, na hicho alichokipata amekitwaa kwa mtu mwingine.

Na huyo mwingine ni nani? Ni mama mwenye mtoto mgongoni. Ni mzee. Ni mgonjwa aendaye hospitali. Ni mwanafunzi pia. Nauli ya mwanafunzi imewekwa chini ya ile ya mtu mzima, na kwa sababu hii baadhi ya makonda huona hasara kumchukua, wakamzuia mlangoni. Akizuiwa na konda, na kusukumwa na watu wazima, kipindi cha kwanza humpita. Mwalimu amekwisha kufundisha, naye bado yuko kituoni na daftari zake. Mtoto huyo hakukosa akili wala bidii. Alikosa kupishwa.

Watu wengine husema kwamba ustaarabu uko mjini, na shamba hakuna. Basi na watazame kisimani wakati wa kiangazi. Maji hutoka kidogo kidogo, na wayatakao ni wengi. Kila ndoo huwekwa nyuma ya ndoo nyingine. Mwenye ndoo aweza hata kwenda kukaa kivulini, maana ndoo yake yamshikia zamu. Ajaye mwisho haweki ndoo yake mbele. Akithubutu, akina mama wote watamkemea kwa sauti moja. Lakini mwenye mgonjwa nyumbani huomba, naye hupishwa. Hapo hakuna askari wala kamba ya kuwapanga watu. Ni vivyo hivyo kwenye mashine ya kusaga. Kumbe mgeni ametoka shamba na kitu ambacho mji unakihitaji sana, naye ashauriwa akitupe!

Mtu ataniambia, "Kisimani watu wanajuana, lakini kituoni hawajuani. Mmoja akisimama kwa zamu na wengine wakasukumana, ataachwa mpaka jua lipande." Neno hili ni la kweli, nami silikatai. Zamu haisimamishwi na mtu mmoja. Lakini tazameni: wengi wa wasimamao kituoni saa 12 asubuhi ni wale wale wa jana na wa juzi. Nyuso wanazijua, walichokosa ni salamu. Naye atokaye shamba ajua kusalimu. Watu wakisha kusalimiana, huona haya kupigana viwiko. Wawili au watatu wakianza kusimama kwa mstari, wa nne aweza kujiunga nao. Tena watu hawa hawa wasukumanao kituoni, wakiingia benki husimama kwa mstari, kimya, kila mtu kwa zamu yake. Basi si kwamba hawawezi.

Nakiri kwamba zamu haileti gari jipya. Kuongeza magari na kutengeneza barabara ni kazi ya wenye mamlaka, nao yafaa wakumbushwe. Lakini gari moja likipandwa kwa utaratibu, mzee na mtoto hupata nafasi, wala hakuna aliyepoteza kitu ila yule aliyezoea kutwaa kisicho haki yake.

Hata hivyo mgeni asidhani kwamba upole ni uzembe. Yako ya kujifunza, naye hana budi kujifunza upesi. Aamke mapema kuliko alivyozoea. Asome maneno yaliyoandikwa mbele ya gari, ajue liendako. Ashike nauli kamili mkononi, asimcheleweshe konda kwa chenji. Akiisha kupanda, asisimame mlangoni, bali asogee ndani, wengine wapate kuingia. Amwambie konda kituo chake kabla hajakifikia. Haya ni maarifa ya mjini, nayo ni mema.

Ninyi wanafunzi, baadhi yenu mtahamia mijini na wazazi wenu, na wengine mtakwenda mkiwa watu wazima kutafuta kazi. Chukueni maarifa ya mjini kwa mkono mmoja, lakini zamu ya kisimani msiiache nyuma. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mji nao una ugonjwa wake kituoni kila asubuhi, na dawa yake ninyi mnayo.